Mwani, mishipa ya damu na swali la shangazi yangu

Shangazi yangu amelima mwani upande wa mashariki wa Unguja tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na vidole vyake vimekakamaa kwa kufunga vipande vya mwani kwenye kamba. Mwaka juzi aligunduliwa kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Siku chache kabla hajavuka bahari kwenda Dar es Salaam kuanza mionzi, alinitolea kopo la unga wa rangi ya kahawia aliouziwa na mtu aliyemhakikishia kwamba umetengenezwa kwa mwani wa nchi za mbali na kwamba "unakata mishipa inayoilisha saratani." Alikuwa amekwishautumia kwa muda wa wiki mbili, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Aliniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka sana aambiwe ndiyo: "Mwanangu, huu mwani ninaoufunga miaka yote, kumbe ndani yake mna dawa yangu?"

Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, si daktari, kwa hiyo nilimwomba anipe siku mbili nisome kabla sijamjibu. Kilichonisumbua ni kwamba maneno ya muuzaji hayakuwa uzushi mtupu. Yalikuwa na kiini cha sayansi ya kweli, inayochapishwa na watafiti wanaoheshimika, na uongo ulikuwa umejengwa juu ya kiini hicho. Ninaandika hapa kile nilichomweleza, pamoja na mengine niliyoyapata baadaye, kwa sababu najua si shangazi yangu peke yake aliyeuziwa kopo la namna hiyo.

Uvimbe wa saratani, kama kiungo chochote cha mwili, unahitaji hewa ya oksijeni na chakula, na vyote viwili huletwa na damu. Oksijeni inayotoka kwenye mshipa mwembamba wa damu haisafiri mbali ndani ya nyama: huishia katika umbali wa takriban sehemu moja hadi mbili za kumi za milimita. Kwa hiyo kundi la seli za saratani lisilokuwa na mishipa yake lenyewe hudumaa likiwa na ukubwa wa milimita moja au mbili hivi, dogo kama punje ya ulezi. Jambo hili lilianza kueleweka mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale daktari kijana wa upasuaji, Judah Folkman, akiwa katika jeshi la wanamaji la Marekani pamoja na mwenzake Frederick Becker, alipokuwa akitafuta kitu kinachoweza kushika nafasi ya damu. Walipitisha maji yenye himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, katika tezi za sungura zilizotolewa mwilini, wakazipandikiza seli za saratani, na wakaona kwamba vivimbe vilikua kidogo kisha vikasimama. Vivimbe vile vile vilipohamishiwa kwa panya walio hai, vilikua kwa kasi. Tezi zile zilizokuwa nje ya mwili zilikosa kitu kimoja, nacho ni uwezo wa kuchipusha mishipa mipya.

Mwaka 1971 Folkman aliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba uvimbe hutoa kitu kinachoiita mishipa iuendee, na kwamba tukiuzuia wito huo tutaweza kuudumaza uvimbe. Kwa miaka mingi wenzake wengi hawakumwamini. Kitu chenyewe kilipatikana baadaye: mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake waliitenga na kuisoma protini iitwayo kwa kifupi VEGF, ambayo seli zilizokosa oksijeni huitoa, nayo hunasa kwenye vipokezi vya seli zinazotanda ndani ya mishipa na kuziamuru zigawanyike, zisogee na kujipanga upya kuwa bomba la damu. Mwili mzima hutumia njia hii kuponya kidonda au kujenga kondo la nyuma wakati wa ujauzito. Saratani huitumia njia hiyo hiyo kwa faida yake.

Kutokana na ujuzi huo kulitengenezwa dawa ya bevasizumabu, kingamwili inayoikamata VEGF kabla haijafika kwenye kipokezi chake, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Takwimu zake ninaziweka hapa kwa makusudi. Katika jaribio kubwa la saratani hiyo, waliopata dawa za kemikali pekee waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 15.6, na walioongezewa bevasizumabu waliishi miezi 20.3. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya saratani ya shingo ya kizazi iliyorudi au kusambaa, ugonjwa unaowashika wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote: miezi 13.3 bila dawa hiyo, miezi 17 pamoja nayo. Hiyo ni dawa safi, yenye kipimo kinachojulikana, inayoingizwa moja kwa moja kwenye mshipa, na inayoilenga VEGF bila kukosea. Miezi minne ni mingi sana kwa mama anayetaka kumwona mwanawe akimaliza shule, nami siidharau hata kidogo. Hata hivyo, uvimbe hurudi, kwa sababu seli zake hujifunza kutumia protini nyingine za ukuaji au kujishikiza kwenye mishipa iliyokuwapo tangu zamani. Tena dawa hiyo hupandisha shinikizo la damu, huchelewesha kupona kwa vidonda, na mara chache hutoboa utumbo. Mtu anayedai kwamba kijiko cha unga kitafanya zaidi ya hayo anapaswa kwanza kueleza ni kwa njia gani.

Sasa mwani wenyewe. Mwaka 1913 mwanasayansi wa Sweden, Harald Kylin, alitoa kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi kitu chenye utelezi ambacho leo kinaitwa fukoidani. Ni mnyororo mrefu wa sukari, hasa sukari iitwayo fukosi, uliobeba vikundi vingi vya salfeti vyenye chaji hasi. Sifa hiyo inaufanya mnyororo huu ufanane na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo hospitali zetu huitumia kila siku na ambayo hutolewa kwenye matumbo ya nguruwe. VEGF na protini nyenzake za ukuaji zina sehemu zenye chaji chanya, ambazo kwa kawaida hushikamana na sukari za aina ya heparini zilizo juu ya seli. Fukoidani inapokuwepo, protini hizo hunasa kwake, kama samaki anayekutana na jarife kabla hajaufikia mwamba. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2003 kwamba fukoidani ya mwani wa Fucus vesiculosus huzuia kazi ya VEGF kwa namna hii, na kwamba ikiongezewa salfeti nyingine katika maabara nguvu yake huongezeka. Kwa mwalimu wa kemia huo ni ushahidi mzuri, kwa kuwa unaunganisha umbo la kitu na kazi yake: ongeza chaji hasi, na mshiko unakuwa imara zaidi.

Inafaa tujue jinsi mambo haya yanavyopimwa, maana neno "imethibitishwa" lililobandikwa kwenye makopo hutokana na vipimo hivi. Njia ya kwanza ni kuchukua seli za utando wa ndani wa mshipa wa kitovu cha mtoto aliyezaliwa, kuziweka juu ya utando laini wa protini, na kuziangalia zikijipanga kuwa vijibomba katika muda wa saa chache. Dawa ikizuia vijibomba, inahesabiwa kuwa na uwezo. Njia ya pili ni yai la kuku lenye kifaranga kinachokua: hutobolewa dirisha kwenye ganda, dawa huwekwa juu ya utando wenye mishipa, na mishipa iliyochipuka huhesabiwa. Nyingine hutumia kipande cha mshipa mkuu wa panya, au samaki wadogo wa pundamilia ambao mwanga hupenya miili yao. Ni vipimo halali na vya lazima. Hata hivyo, katika vyote hivyo mtafiti ndiye anayeamua kiasi cha dawa kitakachozifikia seli. Katika mwili wa shangazi yangu, aamuaye ni tumbo.

Na tumbo halikubali kirahisi. Mnyororo wa fukoidani ni mkubwa mno kuweza kupenya ukuta wa utumbo kwa wingi. Sehemu kubwa ya kilichomezwa hutoka kama kilivyoingia, au huvunjwavunjwa na bakteria. Hata kile kidogo kinachoingia kwenye damu hukutana na protini nyingine nyingi zenye chaji chanya ambazo nazo hukinasa. Zaidi ya hapo kuna jambo lililonishangaza kuliko yote niliyoyasoma: vipande vifupi vya fukoidani vimeonekana katika baadhi ya majaribio vikifanya kinyume kabisa, yaani vikisaidia seli za mishipa kujenga vijibomba pale protini nyingine ya ukuaji, FGF-2, inapokuwepo. Kipande kifupi huweza kuishikilia protini ile na kuifikisha kwenye kipokezi badala ya kuifungia njiani. Kwa hiyo jina "fukoidani" kwenye kopo halimwambii mgonjwa lolote kama hajui urefu wa minyororo, wingi wa salfeti, aina ya mwani, na msimu uliovunwa, kwa sababu vyote hivyo hubadilisha kilichomo. Unga wa shangazi haukuwa na hata kimoja kati ya hivyo kwenye karatasi yake.

Watu wa pwani tunapaswa kuijua pia hadithi ya papa. Mwaka 1983 ilichapishwa katika jarida la Science kazi iliyoonyesha kwamba gegedu la papa, yaani mfupa wake mlaini, lina kitu kinachozuia mishipa mipya, na kazi hiyo ilikuwa sahihi. Muda si mrefu wafanyabiashara walianza kuuza vidonge vya gegedu kwa wagonjwa, wakieneza kwamba papa hawapati saratani, jambo ambalo si kweli. Papa wengi waliuawa kwa ajili hiyo. Mwishowe ziduo la gegedu (yaani kitu kilichokamuliwa kutoka ndani yake) lililotengenezwa kwa uangalifu lilijaribiwa kwa wagonjwa 379 wa saratani ya mapafu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba halikurefusha maisha. Ninapouona mwani wa kahawia ukitangazwa leo kwa maneno yale yale, ninawakumbuka papa, na zaidi ninawakumbuka wagonjwa walionunua vidonge kwa karibu miaka ishirini kabla jibu halijapatikana.

Fukoidani yenyewe imekwishawafikia wagonjwa, lakini katika majaribio madogo. Moja la Japani, lililochapishwa mwaka 2011, lilikuwa na wagonjwa 20 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa wakipata dawa za kemikali. Waliokunywa fukoidani walichoka kidogo kuliko wenzao, na wengi waliweza kuendelea na matibabu. Hiyo ni habari njema kwa kiwango chake. Haisemi kwamba uvimbe ulinyimwa damu. Sukari nyingine yenye salfeti, iliyotengenezwa kutokana na hamira na kupewa jina PI-88, ilifika hadi hatua ya tatu ya majaribio kwa wagonjwa wa saratani ya ini, ikiingizwa kwa sindano, nayo haikutimiza lengo. Njia ya sukari zenye salfeti haijafungwa, lakini ni nyembamba.

Shangazi alikuwa ameuliza kuhusu mwani wake, na mwani wake si wa kahawia. Wanachokilima akina mama wa Paje na Jambiani tangu kilimo cha biashara kilipoanza mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, ni mwani mwekundu wa aina mbili, spinosamu na kotonii. Wazo la kwamba mwani wa Tanzania una thamani lilipiganiwa kwa miaka mingi kabla ya hapo na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndani ya mwani huo hamna fukoidani. Mna karajinani, ile inayoshikisha dawa ya meno na kuizuia aiskrimu isitengane, nayo pia ni mnyororo wa sukari wenye salfeti. Kotonii hutoa karajinani ya kapa, yenye salfeti moja kwa kila jozi ya sukari. Spinosamu hutoa ya iota, yenye mbili. Na ipo ya tatu, lamda, yenye tatu hivi, ambayo hutoka kwenye mwani wa bahari nyingine. Vipande vifupi vya karajinani vimejaribiwa kwenye mayai ya kuku na kwenye seli za mishipa, na baadhi vimepunguza uchipukaji wa mishipa.

Nilifurahi niliposoma hayo, kwa sababu spinosamu ndiyo mwani wa bei ya chini, ambao wakulima wengi wamebaki nao tangu kotonii ilipoanza kufa kutokana na joto la maji. Ingekuwa heri kubwa kama mwani wa bei duni ungegeuka kuwa malighafi ya dawa. Hata hivyo nilisoma na upande wa pili. Karajinani iliyovunjwavunjwa kwa tindikali husababisha vidonda kwenye utumbo wa wanyama, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Ile nzima, inayotumika katika vyakula, haikuwekwa katika kundi hilo. Tena tangu mwaka 1962 maabara za dawa duniani kote huchoma sindano ya karajinani kwenye unyayo wa panya ili uvimbe, wapate kuzipima dawa za kutuliza uvimbe. Kitu kimoja, kikikatwa kwa urefu tofauti na kuingizwa kwa njia tofauti, kinakuwa chakula, sumu ya utumbo, au pengine mwanzo wa dawa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kwa kuwa mwani ni kitu cha asili basi hauna madhara.

Siku ya tatu nilirudi kwa shangazi, nikamsalimu, nikakaa naye barazani, nikamweleza yote haya kwa lugha ya kamba na maji ya bamvua. Lakini jambo moja nililitanguliza kabla ya mengine. Fukoidani, kwa kuwa inafanana na heparini, huweza kuizuia damu kuganda. Yeye alikuwa na uvimbe unaotoa damu, na alikuwa anakwenda kwenye mionzi ya nje na baadaye ya ndani, ambapo vifaa huingizwa mwilini. Nilimwambia kwamba sijui kilichomo katika kopo, lakini kama kweli kina kile kilichoandikwa, basi hiki si kitu cha kukinywa kimya kimya bila daktari wake kujua. Mwani wa kahawia pia hukusanya madini ya iodini kwa wingi, ambayo huweza kuisumbua tezi ya shingo, na baadhi ya aina zake hubeba aseniki. Uingereza iliwashauri watu wake mwaka 2004 wasile kabisa mwani wa Kijapani uitwao hijiki kwa sababu hiyo. Shangazi alinyamaza kwa muda. Kisha akaniambia kwamba muuzaji alimkataza kuwaambia madaktari, kwa kuwa "hawapendi dawa za asili." Kwangu mimi kosa kubwa la mtu yule si bei aliyotoza. Ni kule kumtenga mgonjwa na watu waliokuwa wakijaribu kumwokoa.

Kopo alilibeba hadi Dar es Salaam na kumwonyesha daktari. Daktari hakumkaripia, alimwomba aache kulitumia mpaka matibabu yaishe, akaandika katika faili lake kwamba alikuwa amelitumia, akaendelea na kazi.

Simaanishi kwamba bahari haina dawa. Sitarabini, inayotibu saratani za damu tangu ilipoidhinishwa mwaka 1969, ilizaliwa kutokana na uchunguzi wa sifongo wa Karibi. Eribulini, inayotumika kwa saratani ya matiti iliyosambaa, ilianzia kwenye kitu kilichotengwa na Wajapani kutoka kwenye sifongo mwaka 1986, ikaidhinishwa mwaka 2010. Katikati ya miaka hiyo 24 watu walikitafuta kitu kimoja miongoni mwa maelfu, wakakijua umbo lake atomu kwa atomu, wakakitengeneza upya bila kuhitaji sifongo, wakakipima kwa wanyama na kisha kwa watu. Kazi ya namna hiyo kwa mwani wa Afrika Mashariki ningependa kuiona ikifanywa hapa kwetu, na wanafunzi wetu. Wapo wanaojua pa kuanzia: Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani huko Zanzibar, ametumia miaka mingi pamoja na wakulima kuitafutia mwani thamani zaidi ya kuuuza mkavu kwa magunia, na sabuni za mwani zinazouzwa visiwani ni sehemu ya juhudi hizo. Pwani yetu ina mwani wa kahawia pia, akina Sargassum, Turbinaria na Padina, unaoota wenyewe miambani na kusukumwa ufukweni na mawimbi. Fukoidani yake haifanani na ile ya Fucus wa bahari za baridi, na inahitaji kusomwa kwa ajili yake yenyewe.

Hayo ya msimu na mahali yalimwingia shangazi kuliko nilivyodhani. Alimaliza mionzi, akapumzika miezi kadhaa, na sasa anarudi majini siku ambazo mgongo unamruhusu. Mwezi uliopita alinipa mfuko wa mwani wa kahawia alioutoa kwenye kamba zake, mahali unapojisokota na kuuziba mwani wake mwanga. Kwa kawaida huutupa. Safari hii alikuwa ameukausha kivulini, akafunga mafungu matatu kwa taitai, zile kamba nyembamba za kufungia mwani, na kwenye kila fungu amebandika karatasi iliyoandikwa na mjukuu wake: tarehe, bamvua au maji mafu, karibu na mwamba au mbali nao. Aliniuliza kama hivyo vinatosha kwa kuanzia, au watafiti watataka kujua na joto la maji.

Nilimwambia kwamba watataka. Ameniagiza kipimajoto.